Rejeta ya Injini Isiyotembea

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, pamoja na kelele zote za nyumba hii, ambazo najua unazikumbuka hata kama hukiri. Hujambo? Kile kikohozi cha wakati wa baridi kimekuachia? Unakaa chini ukila, au bado unakula umesimama kando ya mashine kama ulivyoandika mara ya mwisho? Mama ameniambia nikuulize hayo kabla ya jambo lingine lolote, na sasa hivi amekaa karibu yangu akichambua mboga ili ahakikishe nimeyaandika. Sisi huku hatujambo. Mgongo wa Mama unamuuma akitakiwa kuinama na unapona akitaka kwenda kwa majirani. Baba mdogo bado anaongea kana kwamba analipwa kwa neno. Baba naye ni mzima, mzima kweli, na habari zake ndizo barua yenyewe. Tafuta mahali ukae. Nitakueleza kwa mpangilio, maana nikianza na mwisho hutasoma mengine.

Unakumbuka tulivyokula njama. Ulipoandika kwamba umepata injini nzima ya dizeli huko karakana unakofanya kazi, na kwamba unataka kuituma ifungwe kwenye lori la Baba, nilikujibu kwamba akijua imetoka kwako hataipokea. Tangu ile injini ya zamani ilipokufia mikononi mwako kwenye mlima wa kona, na yeye akasema kijiweni mbele ya madereva wenzake kwamba umeiua kwa uzembe, hapakuwa na mtu humu ndani aliyethubutu kukutaja wakati wa kula. Aliapa kwamba chochote kitokacho kwako hakitavuka lango hili. Nawe ukaondoka bila kuaga, na lori likabaki uani likiota kutu, paka akizalia watoto wake kwenye kiti cha dereva.

Basi sanduku lilipofika tulimwambia Baba kwamba injini imenunuliwa na Baba mdogo mnadani. Baba mdogo aliufurahia uongo huo kupita kiasi. Akauongezea watu walioshindana naye, bwana mmoja mwenye kanzu aliyekasirika akaondoka, na mvua iliyonyesha katikati ya mnada. Mama alilazimika kumkanyaga mguu chini ya meza. Nia yetu ilikuwa ile ile tuliyokubaliana mimi na wewe: injini ikimpandisha Baba mlima ule ule bila kuchemka, nitamwambia imetoka kwa nani, na huenda moyo wake ukalegea. Isipompandisha, asijue kamwe. Sikutaka apate injini ya pili ya kukulaumu nayo.

Baba mdogo ndiye aliyeifunga, na hapo nampa heshima yake. Injini yako ni ndefu kuliko ile ya zamani, kwa hiyo aliirudisha nyuma mpaka ikakaribia miguu ya dereva, akabadilisha vikalio vyake, akaiunganisha na giaboksi ya zamani kwa bamba alilolitoboa mwenyewe. Hata hivyo feni ilibaki imekaribiana na ile rejeta ya zamani ya kupozea maji ya injini, kiasi kwamba kidole changu hakikupita katikati. Siku ilipowaka mara ya kwanza, Baba alikuwa nyuma ya jiko na kikombe cha chai, akijifanya hana habari. Nilimchungulia. Kikombe kilikuwa kimesimama nusu ya njia kwenda mdomoni, na hakikuendelea mpaka injini ilipozimwa.

Kuhusu rejeta hakutaka kusikia la mtu. Unamjua. Alisema rejeta yake haijawahi kuonja moto wa fundi, haijawahi kuvuja, na itaipoza hiyo injini ya mnadani kama ilivyoipoza ile ya kwanza. Tukapakia matofali, tukaenda mlimani, yeye mwenyewe kwenye usukani. Tulikuwa hatujaimaliza kona ya pili mshale wa joto ukaanza kupanda, na kabla hatujafika ya tatu mvuke ukatoka kila upande wa boneti. Pale pale, Kaka. Ungeweza kuliona lile jiwe ulilokalia siku ile. Baba alishuka, akautazama mvuke kwa muda, akasema injini hii na ile iliyokufa ni ndugu, na kwamba ikichemka tena atamwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje aondoke na lori pamoja na injini yake, kila mtu apumzike. Niliona kazi yako yote ikipakiwa kwenye mkokoteni wa vyuma.

Mama ndiye aliyemshinda. Hakupiga kelele. Alimwambia tu kwamba mtu asiyetaka rejeta yake itazamwe ni kama mtu asiyetaka mke wake aende hospitali. Baba alinuna, kisha akaifungua rejeta kwa mikono yake mwenyewe.

Tuliipeleka kwa fundi wa rejeta aliye nyuma ya soko la mbao, yule wanayemwita Mapovu. Wanamwita hivyo kwa sababu huizamisha rejeta kwenye pipa la maji, akaipuliza hewa, kisha akakaa kuyatazama mapovu na kukueleza tabia yako kutokana nayo. Ya Baba hata hakuizamisha. Aliijaza maji juu, akasubiri yatoke chini, yakatoka kwa tone. Akaiyeyusha kwa moto risasi ya kuungia, akaling'oa lile tangi la juu, akachungulia ndani, halafu akatupa gunia juu yake na kumwita Baba peke yake. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika mipira ya maji, sikuona kitu. Nilichokiona ni Baba akiinama, akikaa ameinama, kisha akinyooka na kusema haitengenezwi, itafutwe nyingine, na hiyo ifungwe kwenye gunia lake, anarudi nayo nyumbani. Nilimdadisi Mapovu kuna nini mle. Alisema hayo ni mazungumzo ya mzee na rejeta yake.

Kuanzia hapo Baba akawa mtu mwingine. Aliacha kulitaja lile neno la vyuma chakavu, akawa wa kwanza kuvaa viatu kila tulipotoka kutafuta rejeta. Sikumwelewa. Nilidhani ana haraka tu ya kutuona tukishindwa.

Baba mdogo, ambaye kwake kila tatizo dawa yake ni kitu kikubwa zaidi, alileta rejeta ya basi. Ilikuwa kubwa kama mlango wa choo. Ili ikae ilibidi kukata pua ya lori, ile pua ya mviringo yenye taa mbili zilizokaa kama macho ya mtu aliyeshtuka. Baba alisema sura ya lori lake haikatwi, na kama Baba mdogo ana hamu ya kukata sura aanze na ya kwake. Rejeta ya basi ikarudi ilikotoka. Iliyofuata ilikuwa mpya ya dukani, ya alumini, nyepesi, inang'aa, matangi yake ya plastiki. Hata mimi niliitamani. Lakini mapezi yake, yale mabati membamba yaliyo kati ya mirija, yalikuwa yamesongamana kiasi kwamba vumbi la barabara zetu lingeyaziba upesi, na Mapovu alipoipima unene kwa vidole viwili alituambia hiyo ni ya gari la kukimbia barabara tambarare, lenye upepo wa kutosha usoni. Tukitaka kwenda matembezini, tununue.

Neno hilo la upepo lilinikaa kichwani mpaka kazini. Unajua kazi yangu ni ile ile, kuiangalia jenereta ya ghala la baridi, nanyi watu wa ukoo wa madereva mliniita Dereva wa Palepale mpaka majirani wakalidaka. Basi nilikuwa nimesimama mbele yake nikifuta mafuta, upepo wa moto ukinipiga, nikawaza kwamba mashine hii haijawahi kuona upepo wa safari tangu itengenezwe. Upepo wote inaoupata inajivutia yenyewe kwa feni yake. Na bado inabeba mzigo kutwa, haichemki. Lori nalo likiwa limejaa kwenye mlima ule linakwenda mwendo wa mtu aliyejitwika ndoo. Upepo wa mbele hakuna. Injini inafanya kazi yake kubwa kuliko zote wakati gari limekaribia kusimama. Kumbe rejeta tuliyokuwa tukiitafuta haikuwa ya gari hata kidogo. Ilikuwa ya injini isiyotembea.

Nilipolisema nyumbani Baba mdogo alicheka hadi akashikilia lango. Alisema kesho nitashauri lori lifungwe friji. Mama naye aligeuza uso akijifanya anatazama sufuria. Baba hakucheka. Aliniambia nilirudie lile neno polepole, nikalirudia, akaniuliza mashine za namna hiyo zinapatikana wapi zikishachoka. Kaka, nimekaa na Baba miaka yote hii na sikumbuki akiniuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake tayari. Niliondoka pale nimevimba kichwa.

Tuliipata kwenye uwanja wa kiwanda cha barafu kilichofungwa, bado imefungwa kwenye injini ya pampu iliyokwisha kung'olewa kila kitu chenye thamani isipokuwa hiyo, kwa sababu mmea ulikuwa umeifunika. Ya shaba nyekundu na shaba nyeupe, nyeusi kwa moshi, nzito mpaka mimi na Baba tulipokezana kuibeba. Mirija yake ilikuwa minene, imepangwa safu nyuma ya safu, na mapezi yalikuwa yameachana vizuri, kiasi kwamba vumbi lingepita bila kubisha hodi. Nilichukua futi ya Mama ya kushonea nikaipima kila upande kabla ya mtu kufurahi. Upana ulipita kati ya vyuma vya fremu na nafasi ndogo ikabaki. Urefu ulizidi kidogo, lakini tungeweza kukata miguu yake badala ya pua ya lori. Unene ndio ulionitia hofu, kwa sababu ya ile feni, mpaka Baba aliposema kwamba rejeta itasogezwa mbele mpaka iguse ule wavu wa pua, na kitakachobaki kitatosha. Bomba la juu lilikuwa upande wa kushoto ilhali injini yako inatoa maji kulia. Mapovu alilihamisha, akaziba tundu la zamani, akaizamisha pipani. Hakuna povu hata moja lililopanda. Nadhani alisikitika kidogo kwa kukosa la kusema.

Kitu kimoja tulikigombania. Jenereta yangu ina bati linaloizunguka feni kama shingo ya ndoo, ili feni ivute upepo kupitia kwenye rejeta na si kutoka pembeni. La lori Baba mdogo alilitupa zamani kwa sababu lilikuwa likimkwaruza mikono. Nilikataa katakata rejeta kufungwa bila bati jipya. Alilalamika, akaita ushahidi wa mafundi waliokufa na walio hai, mwisho akakata pipa la mafuta na kulitengeneza, na likatoka zuri, maana mkono wake ni mzuri kuliko mdomo wake. Tulipowasha, Baba alivua kofia yake, akaisogeza mbele ya pua ya lori, akaiachia. Kofia haikuanguka. Ilinasa pale kwenye wavu ikakaa. Baba akacheka, kicheko kile cha zamani cha kutoka tumboni, na Mama akatoka jikoni mbio kuja kuona ni nani.

Sasa mlima. Tulipakia matofali kama mara ya kwanza, tukaongeza kidogo kwa sababu Baba mdogo alitaka ushindi usiwe na maswali. Nilipofungua mlango wa abiria, Baba alikuwa ameshakaa hapo. Aliniambia nizunguke upande wa pili, niendeshe mimi, yeye atautazama mshale. Nilimkumbusha kwamba tangu aliponifundisha sijaendesha gari lililojaa. Alisema injini haijui hilo, nisiiambie.

Kona ya kwanza nikapunguza gia. Kona ya pili nikapunguza tena, na injini yako ikabadilisha sauti, ikawa nzito, ikakaza, lakini haikulalamika. Baba alikuwa ameinama mbele, uso karibu kabisa na kioo cha mshale, akinisomea kwa sauti: umepanda, umepanda kidogo, umesimama. Tulipofika kona ya tatu alinyamaza. Nilimwuliza umefika wapi. Nilijua yamekwisha, nikaanza kutafuta mahali pa kuegesha, ndipo aliposema kwa sauti ya chini kwamba haujasogea, niendelee. Tukalipita lile jiwe. Tukayapita malori mawili yaliyoegeshwa yamefunuliwa boneti, madereva wao wakimimina maji kwa madumu, mmoja akasahau dumu lake likawa linamwaga maji chini huku akitutazama. Mshale ulikaa pale pale mpaka juu. Pale juu, kwenye tambarare, nilipiga honi ndefu isiyokuwa na sababu yoyote, na Baba hakunikataza.

Sikuizima injini, niliiacha ivute pumzi. Baba alishuka, akaenda mbele, akaweka kiganja chake kwenye wavu wa pua akakaa hivyo. Nilimfuata nikiwa nimeshajipanga jinsi ya kumwambia habari yako. Akaniwahi. Aliniuliza kama najua Mapovu alimwonyesha nini.

Nakuandikia kama alivyonieleza, sipunguzi. Ile rejeta ilikuwa ikivuja miaka na miaka. Kila ilipotoboka, kabla hatujaamka, Baba aliivunjia mayai na kuitilia unga wa manjano, akaiwasha injini, na yai likaiva ndani likaziba tundu. Ndiyo maana haikuonja moto wa fundi. Ndiyo maana alijisifu kijiweni. Yale mayai yaliyokuwa yakipotea, ambayo Mama alikuwa akimlaani nguchiro kwa ajili yake, nguchiro ni Baba. Mapovu alipoling'oa lile tangi la juu, mirija yote ilikuwa imejaa ukoko wa njano uliokauka kama plasta, hata kijiti cha ufagio kisingepita. Maji yalikuwepo lakini hayakuwa na njia. Alisema siku ile ulimweleza kwamba mshale ulipanda ghafla wala hukuwa umeikimbiza, naye akakuita mwongo mbele ya watu. Alisema hukuua injini yoyote. Aliiua yeye, kidogo kidogo, yai kwa yai, kwa ajili ya kujisifu. Halafu Baba akalia, Kaka. Alilia amesimama, mkono bado uko kwenye lori, nami nikalia naye, na madereva wawili waliotufikia wakadhani tumepata msiba.

Nilipoweza kuongea nilimwambia kwamba injini hiyo haikutoka mnadani. Alisema anajua. Alijua tangu sanduku lilipofunguliwa, kwa sababu kila tundu la injini lilikuwa limezibwa kwa kitambaa kilichopigwa fundo na kuachwa mkia nje ili kisisahauliwe ndani, na anayeziba hivyo ni mmoja tu, naye ndiye aliyemfundisha. Nikamwuliza kwa nini basi alinyamaza muda wote. Alisema alipoitambua, kiburi kilimziba mdomo. Na baada ya kuona mle ndani ya rejeta, alitaka kukupigia simu siku hiyo hiyo, akashindwa. Hakutaka kukuomba radhi huku injini yako ya pili ikiwa imekufa mikononi mwake. Alitaka kwanza ifike juu.

Tuliporudi hakuniruhusu kwenda nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja kijiweni. Alisimama kwenye ngazi ya lori, kofia mkononi, akawaambia wale wale ambao alikutukana mbele yao kwamba mwanawe hakuwa mzembe, kwamba mzembe ni yeye, akawaeleza na mayai. Kisha mzee mmoja wa malori ya mbao akanyanyua mkono na kusema kwamba hata yeye hutia, ila yeye hutia sabuni. Kijiwe kizima kikaangua kicheko, na Mapovu sasa ana foleni ya rejeta mpaka barabarani.

Lori linafanya kazi kila siku. Wenye mizigo wanalitafuta kwa ajili ya mlima, na asubuhi ninapotoka zamu ghalani naliendesha mimi, Baba akiwa pembeni akiutazama mshale ambao hausogei. Hata hivyo amekataa kuchukua mzigo wowote wa mwisho wa mwezi ujao. Wateja wamembembeleza, Baba mdogo amegomba, amekataa. Jana nilimwuliza sababu. Alisema nikuandikie haya yote, nisimtetee mahali popote, na mwishoni niweke neno lake kama alivyolisema: asitume kitu kingine, aje yeye.

Mama anakusalimu sana, ameacha mboga na anaisoma hii begani kwangu. Baba mdogo anakusalimu na anasema ule mnada ulikuwa mzuri. Jikaze na baridi ya huko, ule umekaa, na unijulishe siku ya kufika, kwa maana Baba ameshaliosha lori, na kila anayeuliza limeandaliwa mzigo gani anamwambia kwamba linakwenda kituoni kumchukua dereva wake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

wa nyumbani.